Uingereza, mchumia juani hulipa kiingilio!

WAHENGA walisema mchumia juani hulia kivulini. Wahenga hao, msomaji wangu, hawakufika Kent. Huko Uingereza mchumia juani hulipa kwanza getini, halafu huchuma, halafu hupimiwa kwenye mizani na kulipa tena, ndipo aende kukitafuta hicho kivuli.

Usicheke. Biashara hii ina msimu wake, ina mabango yake barabarani, na Jumamosi ya jua ina foleni ya magari kuliko harusi ya kigogo. Ni mashamba ya matunda ya chuma mwenyewe. Mwenye shamba analima, anapalilia, anamwagilia na kufukuza ndege. Matunda yakiiva anafungua geti na kuwaambia watu wa mjini: karibuni, vikasha hivi hapa, mistari ile pale.

Nao wanaingia! Baba, mama, watoto, bibi na kigari cha mtoto mchanga. Wanainama juani saa mbili au tatu, wanatoka vidole vyekundu na mashati yana madoa, wanasema leo tumestarehe.

Julai mwaka 2024 nilijionea mwenyewe. Kaka yangu anaishi na familia yake Gravesend, mji wa Kent ulio kando ya mto Thames. Nilikuwa nimemsindikiza mama yetu kutoka Muheza kwenda kuwaona wajukuu wake wawili, wa kiume ana miaka 12 na wa kike ana miaka 7.

Lakini safari ile ilikuwa na jambo jingine ndani yake. Marehemu baba alituachia heka tatu za michungwa huko Muheza. Kaka alikwishapata mteja wa kulinunua shamba hilo, alikuwa anangoja tu mama aseme ndiyo. Wiki nzima suala hilo lilikaa pale sebuleni kama mgeni ambaye hakuna anayemsalimia.

Kiangazi cha kuhesabu siku

Wenzetu kule kiangazi ni cha kuhesabu. Kinaanza Juni, Agosti kinaisha. Ila mwezi Julai jua linazama baada ya saa tatu usiku, hivyo siku moja unaweza kuitumia mara mbili.

Tabu ni kuipata hiyo siku. Kaka anafanya kazi ya zamu za usiku kwenye bohari. Wifi ni nesi. Akitoka huyu, anaingia yule, watoto wanaachiwa ujumbe mlangoni mwa jokofu. Katika wiki tatu tulizokaa, Jumamosi waliyokuwa huru wote wawili ilikuwa moja tu. Wifi akasema, "Hii hatukai ndani. Tunakwenda kuchuma stroberi."

Na kila tunda lina zamu yake. Stroberi zinatamba Juni na Julai. Cheri huwa Julai. Rasiberi zinaanza katikati ya kiangazi na aina nyingine zinaendelea mpaka baridi inapobisha hodi. Agosti ni plamu, zile tunazozijua kutoka Lushoto. Septemba ni matufaa, na Oktoba watoto wanakwenda kuchagua maboga.

Kent yenyewe wanaiita bustani ya Uingereza, na jina hilo halikuja bure. Mwaka 1533, enzi za mfalme Henry wa Nane, mtunza matunda wa mfalme aitwaye Richard Harris alipanda bustani kubwa ya matunda pale Teynham, akileta miche kutoka ng'ambo. Mwaka 1913 ikaanzishwa stesheni ya utafiti wa matunda huko East Malling. Hao ndio waliochambua mashina ya kubebeshea miche ya matufaa, likiwemo lile liitwalo M9, linaloufanya mti ubaki mfupi. Leo shina hilo limesambaa duniani.

Unaona umuhimu wake? Mti ukiwa mfupi, hata mtoto wa darasa la pili anachuma akiwa amesimama chini. Bila miti mifupi, mwenye shamba angelazimika kugawa ngazi getini, na wiki ya kwanza tu angeishia mahakamani.

"Nilipe nifanye kibarua?"

Shamba tulilokwenda liko upande wa Maidstone, mwendo wa nusu saa na ushee kwa gari. Wifi alikuwa amekata nafasi siku mbili kabla, maana siku hizi mashamba mengi hayapokei mtu anayejizukia tu.

Getini kiingilio kilikuwa pauni 2 kwa kila kichwa. Tulikuwa sita, kwa hiyo pauni 12 zikaondoka hata stroberi moja hatujaiona. Mama akamwangalia kaka, akamwangalia yule kijana mkata tiketi, akauliza kwa sauti ya chini, "Yaani nilipe ili nifanye kibarua?"

Kaka akacheka mpaka akaegemea gari. Mama hakucheka. Alijifunga kanga yake kiunoni barabara, akachukua kikasha, akaongoza njia.

Hapo ndipo siku ilipogeuka. Wale wajukuu, msomaji wangu, Kiswahili chao ni cha kuokoteza. "Shikamoo" wanaijua, "asante" wanaijua, baada ya hapo wanamtazama baba yao awatafsirie. Bibi alikuwa amewachokoza wiki nzima kwa utani wetu wa pwani. Yule wa kiume anamwita "mume wangu", yule wa kike "mke mwenzangu". Walikuwa wanatabasamu kwa adabu tu, kama watu wanaopigwa picha ya pasipoti.

Shambani hakuhitajika mkalimani. Watoto walikuwa wanavuta stroberi kwa nguvu, tunda linapondeka, kikonyo kinabaki mtini. Bibi akamshika mjukuu mkono, akamwonyesha: unakamata kikonyo kati ya kucha na kidole, unakibana, kinakatika, tunda linatoka zima na kofia yake ya kijani. "Kata, usivute," akasema. "Kata, usivute," wakarudia. Dakika kumi baadaye yule wa miaka 7 alikuwa anamfundisha mtoto wa Kizungu mstari wa pili, kwa Kiswahili!

Akawaonyesha jingine: usichume yale yanayojionyesha, hayo kila mpita njia ameshayaona. Inua majani. Chini ya majani ndiko yalikojificha mekundu, makubwa, hayajaguswa na mtu. Kumbuka, stroberi ikishachumwa haiivi tena. Ukiichuma ina weupe begani, itabaki hivyo hivyo mpaka ioze. Chungwa nalo lina tabia hiyo hiyo, ndiyo maana Mama hakuhitaji kuambiwa.

Mistari mingine ilikuwa imeinuliwa juu ya vyuma hadi usawa wa kiuno, kwa hiyo mgongo wake ulipata nafuu. Kwenye rasiberi aligundua mwenyewe kwamba tunda lililoiva linavuka kama pete kwenye kidole na kuacha kiini mtini. Likigoma, liache, siku yake bado.

Na kula je? Kuonja wanakuruhusu. Kushiba ni wizi. Kibao kilisema hivyo kwa lugha ya kistaarabu, na yule wa miaka 7 alikivunja kwa uso mzima, kuanzia kidevu hadi puani.

Wale wanalipwa, sisi tunalipa

Kuna kitu Mama alikiona ambacho sisi tulikuwa tunakipita. Nyuma ya ua wa miti kulikuwa na mahema marefu ya nailoni, na ndani yake kundi la vijana linachuma stroberi. Hao hawakuwa na kofia za kupigia picha wala watoto. Mikono yao ilikuwa inakwenda kama cherehani.

"Na wale wamelipa kiingilio?" Mama akauliza.

Wifi akamweleza kwamba wale wanalipwa. Matunda ya supamaketi hayangoji familia ya Gravesend ipate Jumamosi. Zamani kazi hiyo ilikuwa imeshikwa na watu wa Ulaya Mashariki. Uingereza ilipokuwa inajitoa Umoja wa Ulaya, vibarua wakaadimika, na mwaka 2019 serikali ikaanza kwa majaribio kutoa viza 2,500 za msimu. Kufikia mwaka 2023 nafasi za wachumaji wa bustani zilikuwa 45,000. Wengi wao wanatoka Kyrgyzstan, Tajikistan na Uzbekistan, na baada ya miezi sita kila mtu anarudi kwao.

Mama akawapungia mkono. Wawili wakapunga, kisha wakainama tena. "Wale wanalipwa, sisi tunalipa," akasema, "na stroberi ni ile ile."

Ajabu ya pili ni kwamba Waingereza wenyewe walianza hivyo hivyo. Miaka ya nyuma familia za walalahoi wa mashariki ya London zilikuwa zinafunga mizigo kila mwisho wa kiangazi na kuja Kent kuchuma hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia kuipa uchungu. Akina mama na watoto walilala kwenye vibanda vya shambani wiki kadhaa, wanachuma, wanalipwa, na hiyo ndiyo ilikuwa likizo yao. Mashine za kuchumia zilipoenea miaka ya 1950 na 1960, likizo hiyo ikafa. Wajukuu wa watu hao sasa wanakuja na magari yao na kulipia tiketi.

Mtindo wa chuma mwenyewe nao ulishika kasi miaka ya 1960 na 1970, watu wa kawaida walipoanza kumiliki magari na majokofu ya kugandisha. Wakati huo ilikuwa njia ya kubana matumizi. Unachuma kilo kumi, nusu unapika jamu, nusu unagandisha, Krismasi inakukuta bado unakula. Siku hizi supamaketi ina stroberi mwaka mzima, nyingine zimetoka Hispania, Moroko na Misri. Anayekwenda shambani hafuati njaa, anafuata siku ya kukaa na watoto wake.

Hesabu za mizani

Tulipofika kwenye mizani, stroberi zilikuwa kilo 3.2, kwa pauni 7 kila kilo. Rasiberi zilikuwa kilo moja, pauni 9. Jumla pauni 31.40. Ongeza kiingilio, inakuwa pauni 43.40. Kwa hela yetu wakati ule ilikuwa karibu laki moja na nusu!

Hebu linganisha. Kikasha cha gramu 400 dukani tulikikuta pauni 2 na nusu, maana yake kilo ni pauni 6 na senti 25. Kwa hiyo tulikwenda shambani, tukafanya kazi wenyewe, tukasafirisha wenyewe, na bado tukauziwa ghali kuliko dukani. Hata hivyo hakuna aliyelalamika, hata kaka, ambaye huwa anasoma risiti kama mkaguzi wa serikali.

Sasa kaa upande wa mwenye shamba. Gharama kubwa ya stroberi ni mikono ya kuchuma. Hapo mchumaji ndiye anayemlipa. Kufungasha hakuna, lori hakuna, dalali hakuna. Fedha anaipata siku hiyo hiyo. Shida zake nazo ziko, tusidanganyane. Mvua ikinyesha Jumamosi matunda yanaozea mtini, watoto wanakanyaga mistari, na kuna wateja wanaokuja kufungua kinywa badala ya kikasha.

Mama alimtuma mjukuu amuulize dada wa mizani: zamani matunda haya yalikuwa yanakwenda wapi? Jibu likarudi kwamba wakati wa babu yake yalikuwa yanapelekwa sokoni London, na bei inapangwa huko huko, mkulima analetewa habari tu.

Mama akaguna. "Kumbe na wao walikuwa wanafanyiwa vile vile."

Wanaoijua Muheza watamwelewa. Msimu wa machungwa ukikolea, mnunuzi anakuja, anazunguka shamba, anakadiria kwa macho, anataja bei matunda yakiwa bado mtini. Ukikataa anakwenda kwa jirani, na jirani ana ada ya shule ya kulipa. Kesho yake wanakuja vibarua wake na lori. Mwenye miti anabaki kuokota yaliyodondoka.

Kivulini

Tulitandika kanga chini ya mti, wifi akafungua sambusa na chupa ya chai. Hapo ndipo yule mgeni wa sebuleni aliposalimiwa.

Kaka alianza mwenyewe. "Mama, usione haya ukadhani Muheza yanawezekana. Huku watu wana magari na hela ya kuchezea. Kule nani atalipa achume chungwa, wakati kwa mjomba wake ni bure? Mimi kila mwaka natuma hela ya palizi, na kila mwaka naambiwa bei imeanguka."

Alikuwa hasemi uongo. Hela hizo zilitoka kwenye zamu za usiku, na mimi niliye karibu na shamba nilikuwa sijatuma hata nusu yake.

"Sijasema neno," Mama akajibu.

Mjukuu akadakia kwa Kiswahili chake cha kuunga: "Bibi, wewe una miti ngapi?"

"Mia mbili na kumi na moja, mume wangu. Midogo sijahesabu."

Yule mtoto akamgeukia baba yake, macho yamemtoka. Miaka yote alikuwa anasikia neno "shamba" likitajwa kwenye simu, pamoja na neno "hela", akadhani ni deni. Hakujua ni miti. Akauliza kwa nini wao hawajawahi kwenda kuchuma kule.

Kaka alinywa chai yake taratibu sana. Jumatatu alimpigia mteja simu akamwambia angoje mpaka msimu ujao upite. Hakumwambia haliuzwi. Alimwambia angoje.

Kwetu je?

Julai mwaka 2025 watoto wale walikuja Muheza na wifi, wakachuma hadi wakachoka. Ila si hao waliomfungua Mama macho. Mwezi huo huo mwalimu mmoja wa Tanga mjini alileta watoto 40 kwa basi. Masharti ya Mama yalikuwa mafupi: shilingi 2,000 kila mtoto, unachuma machungwa kumi, unakula utakavyo ukiwa humu ndani, na unakata kikonyo, huvuti.

Alipata shilingi 80,000 kwa miti sita. Mnunuzi wa lori asingempa hata nusu ya hapo. Hasara zake: matawi matatu yalivunjika, na watoto wawili walivamiwa na maji moto, wale sisimizi wekundu wanaojenga kwenye majani ya michungwa. Sasa miti yenye maji moto inafungwa kitambaa, haiguswi na mgeni.

Miti sita kati ya mia mbili na kumi na moja si utajiri. Machungwa mengi bado yalikwenda na lori. Lakini Zanzibar wageni wanalipa miaka mingi kutembezwa mashambani wanuse karafuu na mdalasini, na wanaokwenda msitu wa Amani wanapita hapo hapo Muheza, hakuna anayewasimamisha. Watoto wa mjini Tanga na Dar wanaodhani chungwa linazaliwa kwenye toroli la muuzaji ni wengi, na wazazi wao Jumamosi hawajui wawapeleke wapi.

Kwa msomaji aliye Ulaya na anataka kujaribu kiangazi kijacho: kata nafasi mapema, nenda asubuhi kabla ya jua kali, vaa nguo isiyokuuma ikipata doa, chukua kofia na maji ya kunywa. Tumia vikasha vifupi vipana, ukijaza ndoo matunda ya chini yanageuka uji. Usiyaoshe mpaka dakika ya kula. Na kama una mzee wa shamba hapo nyumbani, asiachwe alinde nyumba. Mbebe.

Kwa mwenye miti hapa nyumbani: kabla hujaliuza shamba, jaribu mistari miwili tu na shule moja tu. Weka choo, weka maji ya kunawa, weka bei iliyoandikwa ubaoni.

Mteja wa kaka bado anapiga simu. Mama huipokea, humsalimia vizuri, humuulizia watoto wake, kisha humwambia alete nao Jumamosi, kiingilio ni elfu mbili.

Haya, tukutane wiki ijayo.